Wani ya Sita, Wani ya Nane

"Nane na sita, ipi kubwa?" Mama Yakobo aliuliza, mikono kiunoni. "Nakuuliza wewe, Eufrasia, unayepima dagaa kwa kopo kila siku sokoni. Mwenye nane na mwenye sita, nani kamzidi mwenzake?"

"Usinifanye mtoto, Veronica," alijibu Mama Flora. "Kwenye matokeo ya kidato cha sita, mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Hata kuku wa mtaa huu wanajua. Flora wangu ana wani ya sita, daraja la kwanza la pointi sita. Yakobo wako ana wani ya nane. Sasa iweje wa nane aitwe kusomea udaktari, wa sita aachwe?"

"Kawaulize waliomwita!"

"Niwaulize wao, au niyaulize yale madume mawili ya ng'ombe yaliyopakiwa kwenye lori wiki iliyopita?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya kufua, na nyumba hizo mbili zilitazamana katika uwanja mmoja usio na uzio, kando ya barabara iendayo Nkololo, mjini Bariadi. Katikati ya uwanja palikuwa na bomba moja, na majirani wa mtaa mzima walichota maji hapo. Kwa hiyo ugomvi haukukosa wasikilizaji. Ndoo zilijaa zikamwagika, hakuna aliyefunga koki. Aliyeacha maziwa jikoni aliyaacha yachemke hadi yamwagike. Habari kama hii haiji kila siku, na ikija haimngojei mtu akaepue sufuria.

"Madume gani?" Mama Yakobo aliuliza, sauti imeshuka.

"Hayo hayo. Watu wanasema mliyauza ili mumnunulie Yakobo nafasi."

"Watu gani? Nitajie mmoja."

"Watu."

"Nakwambia nitajie mmoja tu, Eufrasia! Miaka kumi na minne tunachangia bomba, chumvi na kuni, leo unanitukana kwa maneno ya watu wasio na majina?"

Milembe, mtoto wa pili wa Mama Flora, alikuwa amechuchumaa kando akisuuza shuka. Aliinamisha kichwa karibu kitumbukie besenini. Mikono yake ilikuwa kwenye maji ya baridi, lakini masikio yalimwaka moto. Yeye aliwajua watu hao vizuri sana.

Watu hao walikuwa yeye mwenyewe.

Milembe alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba. Baba yao alikuwa Nassa, kando ya ziwa, akinunua dagaa kwa wavuvi, akija nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mama alijua kupima, kuuza na kupatana bei, lakini kusoma kulimpa taabu, na herufi ndogo za simu zilimchosha macho. Kila ujumbe ulipoingia alimpa Milembe: "Nisomee, mwanangu, wanasemaje hawa?" Na Milembe alisoma. Alisoma ujumbe wa baba, wa kikundi cha akina mama, wa benki, hata wa matapeli.

Dada yake, Flora, alikuwa amemaliza kidato cha sita akichukua fizikia, kemia na baiolojia. Alipoomba vyuo, simu yake ilikuwa imeharibika, hivyo aliandikisha namba ya mama. Kisha bibi yao akaugua kule Mwamapalala, Flora akaenda kumuuguza. Kabla ya kuondoka alimshika Milembe mabega mawili. "Mdogo wangu, kila jioni fungua ujumbe. Ukiona chochote kinachohusu vyuo, nipigie siku hiyo hiyo. Nakuamini."

Siku tatu za kwanza Milembe alifanya hivyo. Siku ya nne rafiki yake Goodness alimwonyesha vichekesho vya kwenye mtandao. Kumbe mtu anaweza kuanguka kwenye tope namna ile! Kumbe mbuzi anaweza kumkimbiza polisi! Tangu siku hiyo, kila mama alipokwenda kuoga, Milembe alinunua kifurushi kwa salio la mama bila ruhusa, akajifungia chumbani na kucheka kimya kimya, mto mdomoni.

Ubaya wa kifurushi ni kwamba hakinunuliwi kimya. Kila akinunua, simu inaleta ujumbe: umenunua hiki, umebakiwa na hiki. Jumanne jioni mama alilalamika kwamba salio lake linayeyuka kama barafu. "Kesho nitampelekea Ngeleja wa dukani simu aniangalizie ujumbe wote," alisema.

Milembe aliposikia hivyo hakungoja kesho. Alichukua simu, akafungua ujumbe. Juu kabisa palikuwa na mmoja mpya, umeandikwa kwa Kiingereza, katikati yake herufi na tarakimu zimechanganyika. Hakuusoma. Macho yake yalikuwa kwenye ule mrundo wa ujumbe wa vifurushi uliofuata. Akabonyeza "futa zote", na ujumbe wote ukafutika.

Jumatano Flora alipiga kwa simu ya bibi. Kule kwa bibi mtandao ni wa kutafuta kwa kupanda juu ya kichuguu. "Milembe! Kuna ujumbe wowote wa vyuo?"

"Hakuna, dada."

"Haya, nitapiga tena Jumapili."

Jumapili haikufika. Ijumaa Ngeleja, mwenye duka la steshenari ambako vijana wengi wa Bariadi hujazia maombi ya vyuo, alibandika mlangoni orodha ya chuo kimoja walichoomba Flora na Yakobo wote wawili. Jina la Yakobo Mayige lilikuwamo. La Flora halikuwamo. Mama alirudi nyumbani na kapu lake la dagaa bado limejaa, akaketi kizingitini, akalia kama mfiwa.

"Wani ya sita! Wani ya sita wamwache! Milembe, hebu lete ile simu, una hakika hawakutuma kitu?"

Milembe alitafuta neno lolote la kumtoa mama kwenye simu, na neno likaja lenyewe, limevaa nguo kabisa.

"Mama, labda ni yale madume ya baba Yakobo. Watu wanasema aliyauza apate kumnunulia Yakobo nafasi."

Mama aliacha kulia. Akauliza, "Watu wanasema?"

"Ndiyo."

Basi. Mama hakuuliza tena habari ya simu.

* * *

Mzozo wa bombani haukuamuliwa na mtu. Ulikwisha pale Mama Yakobo aliponyanyua ndoo yake ikiwa nusu, akaingia ndani na kufunga mlango, mlango ambao mchana haujawahi kufungwa tangu Milembe apate akili.

Mama Flora alibaki akipumua kwa nguvu. Kisha akamgeukia binti yake. "Acha hayo mashuka. Nenda kwa Ngeleja, muulize kama kuna awamu ya pili ya kuomba. Tusikae tu."

Duka la Ngeleja lilikuwa na mashine mbili za kurudufu, kompyuta tatu na benchi refu la wenye shida. Ngeleja alikuwa kijana mnene, mcheshi, mwenye kujua nani kapata nini katika wilaya nzima.

"Shikamoo, kaka Ngeleja."

"Marahaba, mdogo wa daktari!"

"Daktari gani? Flora hakuchaguliwa," alisema Milembe. "Mama anauliza kuna awamu ya pili?"

Ngeleja aliacha kucheka, akavuta kiti. "Awamu ya pili ipo. Lakini kaa nikwambie kitu kinachonikosesha usingizi tangu jana. Nyumbani kwenu mnahesabu wani ya sita, wani ya nane. Vyuo vya udaktari havihesabu hivyo. Kwanza wanaangalia masomo matatu: fizikia, kemia, baiolojia. Ukianguka moja, hata uwe na A mbili, mlango hufunguliwi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ukipita hapo, wanageuza herufi kuwa pointi zao. A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Huko kwao kubwa ndiyo bora. Flora ana A ya baiolojia, B ya kemia, C ya fizikia. Jumlisha."

Milembe alihesabu kwa vidole. "Kumi na mbili."

"Yakobo ana B moja na C mbili."

"Kumi."

"Sawasawa. Sasa kila chuo kinawapanga waombaji wake kama mnavyojipanga paredi. Wenye pointi nyingi mbele, wenye chache nyuma. Viti vikiisha, mstari unakatwa. Chuo kinachokimbiliwa na wengi hukata mapema, hata mwenye kumi na nne anaweza kubaki nje. Kisichokimbiliwa sana hukata nyuma zaidi. Yakobo kaingia kwa kumi zake halali pale mstari ulipofika. Hakuna ng'ombe anayejua kusimama kwenye mstari ule. Kompyuta haili nyama."

Kumbe hata huku habari ya madume ilikwishafika.

"Lakini," Ngeleja aliendelea, akijikuna kidevu, "kama wa kumi kachukuliwa, wa kumi na mbili katika mstari ule ule ataachwaje? Haiwezekani. Labda jambo moja tu. Mtu akichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, hawamweki kwenye orodha ya chuo mpaka achague mwenyewe anakotaka. Anatumiwa namba ya uthibitisho kwenye simu. Anaiingiza kwenye akaunti yake, mambo yanaisha; ikipotea, anaomba nyingine humo humo. Asipoithibitisha ndani ya siku walizotoa, nafasi yake anapewa anayefuata mstarini."

"Siku walizotoa... mwisho lini?" Sauti ya Milembe ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Jumatatu. Ila kesho Jumapili nafunga, na siku ya mwisho nchi nzima inaingia humo, mtandao unasongamana. Mwenye akili anafanya leo. Hivi simu ya mama yako haikupata ujumbe wa Kiingereza, una herufi na tarakimu?"

Hapa palikuwa pa kusema. Benchi zima lilikuwa linamtazama. Milembe alifungua mdomo, na kilichotoka ni kile kile kilichokwishazoea kutoka.

"Haikupata."

* * *

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, lakini siku hiyo ilirefuka. Jua la Septemba liliunguza, na vumbi la malori ya pamba lilimwingia puani. Milembe aliiona ile "futa zote" kila alipofumba macho. Dada yake alikuwa amesoma kwa taa ya sola miaka miwili. Alikuwa amekosa harusi, mikesha ya Krismasi, na hata msiba wa shangazi, kwa sababu ya hizo A na B na C. Kidole kimoja cha Milembe kilikuwa kimezifuta kwa sababu ya mbuzi anayemkimbiza polisi.

Karibu na nyumbani alimkuta Yakobo amekaa kwenye pikipiki ya baba yake, imezimwa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kuongea kama anaomba radhi.

"Milembe, hujambo? Flora ameshapata habari?"

"Bado. Simu ya bibi haipatikani."

"Maskini. Unajua kemia yangu yote ni yake? Pale uwanjani, na ubao wa boksi. Kama si yeye nisingepata hata hiyo C." Yakobo alitazama chini. "Nimetoka kwa katekista. Kesho nilikuwa nitajwe kanisani, niombewe safari. Nimemwambia alitoe jina langu."

"Kwa nini, kaka Yakobo?"

"Nikisimama pale mbele, nani ataniona mimi? Wataona ng'ombe wawili." Alijaribu kucheka, kicheko kikakwama. "Baba aliwauza kwa ajili ya ada na vifaa vya kwenda navyo. Tangu asubuhi hajasema neno, wala hajagusa chakula. Naona bora nisiende kabisa. Nani atataka kutibiwa na daktari wa madume?"

Milembe alihisi kama ameanguka kisimani na maji yamemfika shingoni. Alikimbia.

Mama alikuwa amekaa kivulini akipepeta dagaa kutoa mchanga. Milembe alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Mama, ujumbe ulikuja."

"Ujumbe gani?"

"Wa Flora. Nafikiri ni ule. Niliufuta. Nilikuwa nanunua vifurushi kwa salio lako, nikaogopa utajua, nikafuta ujumbe wote. Huenda Flora amechaguliwa vyuo viwili, kaka Ngeleja anasema. Mwisho Jumatatu."

Ungo ulisimama hewani. Dagaa mmoja mmoja walidondoka pembeni, na kuku wakaja mbio.

"Na wale watu?" mama aliuliza polepole. "Wale waliosema habari za madume?"

"Hakuna watu, mama. Ni mimi."

Milembe alifumba macho akingoja kofi. Halikuja. Alipofumbua, mama alikuwa anautazama mlango uliofungwa, upande wa pili wa uwanja, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

"Nimemtukana mwenzangu mbele ya ndoo kumi na mbili," alisema, kama anayeongea peke yake. "Kwa neno la mtoto. Mtu mzima mimi, sikuuliza hata mara moja limetoka wapi. Nililipenda lile neno, Milembe. Lilinifaa."

Alijifuta mikono na kumpigia Flora kwa namba ya bibi. "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Akapiga tena. Haipatikani. Bila Flora hakuna neno la siri la kufungulia akaunti, na bila akaunti hakuna namba mpya. Bodaboda wangeweza kwenda Mwamapalala, lakini nyumba ya bibi ilikuwa ndani sana, njia za ng'ombe tupu, haielekezeki kwa maneno. Katika mtaa mzima ni mtu mmoja tu aliyeijua, maana ndiye aliyempeleka Flora kule kwa pikipiki.

Mama na binti walitazamana. Wote wawili walijua ni Yakobo.

* * *

Walivuka uwanja mchana kweupe, na bombani watu walikuwepo. Mama alibisha hodi. Mlango ulifunguliwa nusu.

Mzee Mayige, baba Yakobo, alikuwa ameketi kwenye kigoda akisokota kamba ya katani. Milembe alipiga magoti sakafuni. "Mwadila, baba," alisalimu.

"Mwadila," Mzee Mayige alijibu, bila kuinua macho.

"Semeni mliloleta," alisema Mama Yakobo. "Kama ni hao watu wenu, mmekuja nao?"

"Tumekuja naye," alisema Mama Flora. "Milembe, sema. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Milembe alisema. Alianza na vichekesho, akaja kwenye vifurushi, akaja kwenye ujumbe, akaja kwenye madume. Alipofika kwenye madume alinong'ona, akalazimika kusema mara mbili. Yakobo alikuwa ameingia na kusimama mlangoni, naye akasikia yote.

"Kumbe watu wenyewe ndio huyu!" Mama Yakobo alipiga makofi mara moja, kicheko cha uchungu kikamtoka. "Watu wana miaka kumi na miwili! Watu hata meno ya magego hayajakamilika!"

"Na mimi pia, Veronica," alisema Mama Flora, naye akashuka magoti kando ya binti yake. "Yeye alilipanda, mimi ndiye niliyelipalilia mpaka bombani. Nisamehe. Sijaja kuomba pikipiki kwanza, nimekuja kuomba radhi. Pikipiki nitaiomba kama nitajibiwa."

Kamba ilisikika ikisuguliwa kwenye paja la mzee. Kisha Mzee Mayige akaiweka chini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema zaidi ya salamu.

"Hiyo namba mwisho wake lini?"

"Jumatatu, baba. Lakini kaka Ngeleja anasema tufanye leo."

"Yakobo. Pikipiki ina mafuta?"

"Inayo, baba."

"Basi mbona umesimama?"

Pikipiki iliunguruma kabla Milembe hajainuka. Mama Yakobo alikuwa bado amekunja uso. "Msidhani hasira yangu imekwisha," alisema akijitanda khanga. "Ipo, nimeiweka pale kabatini, nitaichukua nikirudi. Mtoto kwanza. Twendeni kwa Ngeleja tukamwambie asifunge."

Saa kumi kasoro robo Yakobo alisimama mbele ya duka, na Flora akashuka nyuma, mweupe kwa vumbi hadi kope. Njiani alikuwa ameelezwa yote. Alimpita Milembe pale mlangoni kama anayempita mgeni, akachukua simu kwa mama, akaketi kwenye kompyuta. Ngeleja alisimama nyuma yake, na benchi zima lilisimama nyuma ya Ngeleja.

Flora aliandika neno lake la siri. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukafunguka.

"Viwili!" Ngeleja alipaza sauti. "Kachaguliwa udaktari vyuo viwili! Si nilisema wa kumi na mbili haachwi? Omba namba upya, bonyeza hapo chini."

Flora alibonyeza. Wakaikodolea macho simu. Dakika moja. Dakika mbili. Simu ikalia, watu wote wakaruka. Flora akasoma: "Jishindie bajaji leo."

"Ptuu, na bajaji yao!" alisema Mama Yakobo, na watu wakacheka, isipokuwa Milembe. Yeye alikuwa ameng'ang'ania fremu ya mlango mpaka vidole vimepauka. Hakujua kwamba dakika moja inaweza kuwa ndefu hivyo.

Simu ikalia tena. Safari hii Flora hakusoma kwa sauti. Aliiandika namba ile herufi kwa herufi, akaihakiki mara mbili, akachagua chuo, akabonyeza. Maandishi ya kijani yakatokea: amethibitisha.

Mama Flora alipiga vigelegele vilivyofika stendi. Ngeleja akawaeleza akina mama wote wawili, kwa kalamu na karatasi, hesabu ya tano, nne, tatu. Mama Yakobo alisikiliza kwa makini sana.

"Kwa hiyo ile nane yangu niliyojivunia pale bombani..."

"Mama, ungenyamaza tu," alisema Yakobo, na hapo kila mtu akacheka, hata Flora.

Wakati wa kurudi, Milembe alimsogelea dada yake. "Dada, nisamehe."

Flora hakupunguza mwendo. "Nilikwambia nakuamini. Leo siwezi kusema nimekusamehe, nitakuwa nakudanganya. Niulize tena wiki ijayo." Lakini alimpa mkoba wake ambebee, na Milembe akaubeba kwa mikono miwili kama yai.

* * *

Jua lilikuwa linashuka walipofika uwanjani. Mlango wa Mama Yakobo sasa ulikuwa wazi wote. Kutoka ndani ilitoka harufu ya nsansa, mboga ya majani makavu ya kunde, iliyoungwa kwa karanga. Mzee Mayige alikuwa amekwishakaa mkekani, amenawa mikono. Flora na Yakobo waliingia moja kwa moja wakibishana habari za chuo. Milembe alibaki nje na mama yake. Hakuna mguu uliothubutu kuvuka kizingiti.

Mama Yakobo alitoka na jagi la maji na beseni. Alisimama mbele ya Milembe.

"Nitazame. Kufuta ujumbe lilikuwa kosa la mtoto, na hata mimi nimewahi kuunguza nyumba ya bibi yangu nikichoma mahindi. Sikukasirikia hilo. Nimekasirika kwa kuwa ulipoona kosa lako linakuelemea ulitafuta mgongo wa mtu mwingine ukalitwika, na ukachagua mgongo wa mtu ambaye hakuwapo kujitetea. Kosa ukilisema likiwa dogo, unalibeba mwenyewe, linakuuma kidogo, unafika. Ukilifunika kwa uongo, linaota miguu, linaingia nyumba za watu. Leo limekaribia kuzika madaktari wawili kwa siku moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Wale wa bombani waliosikia uongo, kesho baada ya ibada watasikia ukweli. Na watausikia kwa mdomo wako, si wa mama yako. Yakobo atarudi kwa katekista akaandikishe jina lake, na la Flora liandikwe chini yake."

"Juu yake," alisema Mzee Mayige kutoka ndani. "Yeye ana kumi na mbili."

Milembe alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka, lakini haya hayakuwa yale ya asubuhi. Jambo la kesho lilimtisha kuliko mtihani wowote, na hata hivyo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, alihisi njaa.

Mama Yakobo alimnawisha mikono, kidole kimoja kimoja, na kile kidole cha shahada akakisugua zaidi. Kisha akainua macho na kumwona Mama Flora amejibanza ukutani, ameshika ncha ya khanga yake.

"Na wewe Eufrasia, umesimama hapo kama karani wa sensa, unahesabu nini? Lete mikono hiyo unawe. Ingia tule, ugali unapoa."